Sikukuu Haingoji Kesi Ijibiwe

Mhadhara uliotolewa Nsungwi, Lilongwe



Idi haimuulizi mtu kama ana nafasi. Mwezi ukiandama, imefika. Aliyefunga akijua futari inamngoja, na yule ambaye sahani yake ilikuwa nyepesi hata baada ya magharibi, wote wanaambiwa kwamba kesho kufunga ni haramu. Krismasi nayo haichungulii mfukoni kwanza. Mkesha wa tarehe 31 Desemba unamkuta mjane na bibi harusi kwenye benchi moja, na saa sita ya usiku wote wawili wanatakiwa kusimama. Kalenda ya dini ina ukali huo, na mimi nauona ukali wake kuwa ndiyo rehema yake. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba kusherehekea ni ibada kwa maana ileile ambayo kufunga ni ibada: tumeagizwa, kuna siku yake, kuna masharti yake, na hatungoji moyo uchangamke ndipo tuanze. Tena kwetu sisi tunaoishi kwa kungoja, ibada hii ina kazi ambayo saumu peke yake haiwezi kuifanya.

Niseme kwanza juu ya kungoja kwenyewe.

Dzaleka mnaijua. Wengi wenu mmefika hapa Nsungwi mkitokea huko, na wengine bado mna nyumba huko na ndugu huko. Iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya mji huu. Zamani palikuwa gereza, mahali ambapo serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao Banda alishindwa katika uchaguzi, pakawa kambi ya wakimbizi. Kambi ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, walio wengi kutoka Kongo, kisha Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilikubali kuwapokea watu, lakini ilitaja vifungu kadhaa ambavyo haitafungwa navyo, vikiwemo vya kuajiriwa na vya kutembea kwa uhuru nchini.

Kwa hiyo mkimbizi hungoja. Hungoja siku ya mgao, hungoja kibali cha kutoka, hungoja mahojiano, na juu ya yote hungoja kesi, yaani ombi lake la kuhamishiwa nchi ya tatu. Mkikutana kisimani hamuulizani tena habari za nyumbani, mnaulizana, "Kesi yako imefika wapi?" Yuko mtu amekaa miaka 15 hajapiga lipu ukuta wa nyumba yake kwa sababu "tutaondoka." Yuko asiyepanda mwembe uani kwa sababu hiyohiyo, na maembe ambayo watoto wake wangekuwa wanakula leo hayapo. Kijana anaahirisha ndoa. Mama anafungia kitenge kizuri sandukuni mpaka siku ya ndege. Siwalaumu, nimeyafanya hayo mwenyewe. Ila kungoja kwa namna hii kunakula kitu kikubwa kuliko muda. Kunaifanya siku ya leo ionekane haina thamani yake yenyewe, kana kwamba Mungu naye yuko nchi ya tatu na huku ametuachia namba ya faili.

Sikukuu inaukataa uongo huo. Siku ya sikukuu ni siku iliyokamilika. Haielekei kwingine. Mchele umepikwa leo, watu wamekuja leo, sifa zinaimbwa leo, na hakuna ofisi ya kuithibitisha. Ndiyo maana nasema ni ibada: inamkiri Mungu kuwa yupo mahali hapa tulipo, kabla mambo hayajanyooka.

Kuna sura moja katika kitabu cha Nehemia, sura ya nane, ambayo ningependa kila jumuiya ya wakimbizi iisome kwa pamoja mara moja kwa mwaka. Watu wamerudi Yerusalemu kutoka uhamishoni. Wanakusanyika uwanjani, Ezra anawasomea sheria tangu alfajiri mpaka adhuhuri, nao wanaanza kulia. Walikuwa na haki ya kulia: nyumba nyingi za mji zilikuwa bado hazijajengwa tena, na walikuwa wakisikia jinsi baba zao walivyokosea. Viongozi wakawazuia. Wakawaambia waende wakale vinono na kunywa vitamu, na wale ambao hawakuandaliwa kitu wapelekewe sehemu yao. Hawakuambiwa kwamba hawana sababu ya kulia. Waliambiwa kwamba siku ile ni takatifu, na utakatifu wake hudaiwa kwa chakula na kwa kugawana. Kesho yake wakagundua tena agizo la sikukuu ya vibanda, wakakata matawi, wakajenga vibanda juu ya mapaa na nyuani, wakakaa humo siku saba kwa shangwe kubwa. Fikirini hilo. Watu waliokwisha kupata nyumba waliagizwa kutoka nje na kukaa vibandani, ili wakumbuke kwamba waliwahi kuwa watu wa njiani, na wakumbuke wakifurahi. Sisi tunaokaa katika nyumba za matofali ya udongo, zenye paa ambalo tulianza na turubai, tuko karibu na sikukuu hiyo kuliko wahubiri wengi wanaoihubiri.

Waislamu wamelipanga jambo hilihili kwa kipimo. Zakatul-fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga huhesabiwa. Masheikh waliopo watanisahihisha, ila mimi nilivyofundishwa na majirani zangu Waislamu ni kwamba anayeikawiza mpaka swala ikaisha, kwake imekuwa sadaka kama sadaka nyingine. Kwa nini mkazo huo wa saa? Kwa sababu maskini anatakiwa aianze Idi akiwa mwenye Idi, asije akaangukiwa na makombo yake jioni. Mtume wa dini hiyo na Nehemia hawakuonana, lakini hapa wamekutana: furaha isiyopeleka sehemu kwa asiye na kitu bado haijawa ibada.

Mwaka 1978 Mmarekani mmoja wa Kanisa la Marafiki, Richard Foster, aliandika kitabu juu ya nidhamu za kiroho. Alizitaja 12. Mnaweza kuzibahatisha nyingi: sala, kufunga, kutafakari, huduma. Ya mwisho kabisa aliyoiweka ni kusherehekea. Kitabu hicho kimesomwa sana, na nadhani watu wa Ulaya na Marekani walihitaji kukumbushwa. Kwetu jambo hilo tulilijua kwa miguu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Kanisani kwetu siku ya mavuno hakuna aliyepeleka sadaka akitembea. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani alikwenda nao akicheza, mwenye jogoo alimshika miguu akicheza naye, na mzee aliyeshindwa kucheza alishikwa mkono. Kumbe jambo hilo lilihitaji kutetewa mpaka Roma. Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa na wenzake walilifanyia kazi miaka mingi, na mwaka 1988 Vatikani ikaidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, jina la Kongo wakati ule, ambamo wakati wa utukufu padri na wahudumu huizunguka altare wakicheza. Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha misa kwa utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro. Wakongo waliokuwamo walipiga vigelegele.

Huko pwani, Lamu, Habib Swaleh aliyetoka visiwa vya Ngazija alipambana na jambo lenye sura hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Aliwafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo wa uzao wa watumwa, na matari yakaingia katika maulidi. Walikuwapo walionung'unika. Leo Msikiti wa Riyadha aliouanzisha ndio watu wanaousafiria kutoka mbali msimu wa maulidi. Na hapa Malawi, Wayao wa Mangochi na majirani zao wanaujua mgogoro wa Sikiri na Sukuti, wale wanaomtaja Mungu kwa mwili unaoyumba na wale wanaotaka ukimya. Siingii katika mgogoro wa nyumba ya wenyewe. Naona tu kwamba kila palipobishaniwa kucheza, chini yake palikuwa na swali la nani anaruhusiwa kuingia.

Sasa nafika mahali pagumu, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Furaha inaweza kuporwa. Sisi tuliopo hapa tunatoka katika nchi zilizoporwa furaha na watawala wake, na majirani zetu Wamalawi pia. Enyi mama zetu wa Malawi mliovuka umri wa miaka 50, mnakumbuka mbumba. Mlikusanywa na kuvishwa chitenje chenye picha ya Kamuzu, mkamchezea uwanjani, na kukataa hakukuwa jambo la kusemwa kwa sauti. Wakati ninyi mkicheza Blantyre na Lilongwe, watu walikuwa ndani ya Dzaleka. Kwetu Zaire, Mobutu alituletea animasiyo miaka ya 1970: wafanyakazi na wanafunzi walisimamishwa kuimba na kucheza sifa zake, na ratiba ya kazi ikangoja. Burundi, ngoma ile ya kifalme iliyowekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, miaka mitatu baadaye iliwekewa amri ya rais: vikundi visajiliwe, wanawake wasiipige. Mtawala anajua nguvu ya ngoma kuliko mwanatheolojia mvivu. Anajua kwamba watu wakicheza kwa pamoja huwa wamekiri kitu, kwa hiyo anataka wamkiri yeye.

Ndiyo sababu naipenda Zaburi ya 137, ingawa haina furaha. Wafungwa wamekaa kando ya mito ya Babeli, wametundika vinubi vyao juu ya miti, na waliowateka wanataka wawaimbie wimbo wa Sayuni ili wao wastarehe. Wanakataa. Kukataa kwao ni sehemu ya nidhamu ninayoisema. Anayejua kusherehekea mbele za Mungu lazima ajue pia ni wakati gani asiimbe, na asimwimbie nani.

Mnaona ninakokwenda. Katika makambi mengi, mgeni akija na gari jeupe na kamera, watoto hupangwa mstari wacheze. Picha hupigwa, gari huondoka. Sisemi wageni wana nia mbaya. Wengine wametusaidia sana, na watoto wenyewe hupenda kucheza. Lakini mtoto akijifunza kwamba furaha yake ni kitu cha kuonyeshwa kwa mwenye msaada, amejifunza kitu kibaya, na kukitoa moyoni mwake baadaye ni kazi ya miaka.

Tamasha la Tumaini lilikuja kuligeuza hilo. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi kutoka Lubumbashi aliyekuwa mkimbizi Dzaleka, alilianzisha ndani ya kambi. Kuingia ni bure. Wasanii wa kambi na wa Malawi na wa nje hupanda jukwaa moja, na mchezaji wa kikundi cha kambini hafunikwi na nyota aliyetoka mjini. Ngoma za Kirundi hupigwa, rumba hupigwa, watu wa Lilongwe huja kwa minibasi. Lakini mimi linalonigusa zaidi ni malazi. Mgeni anaweza kulala katika nyumba ya mkimbizi. Anapewa kitanda, anakula sombe na bugali wa nyumba ile, anaamshwa na jogoo wa jirani. Kwa siku hizo mkimbizi ndiye mwenyeji. Ibrahimu aliwapokea wageni watatu hemani akiwa mtu wa kuhamahama, na hakuna aliyemwambia kwamba asiye na nchi hawezi kukaribisha. Tamasha la Tumaini halijiiti ibada, na mimi siliwekei jina ambalo lenyewe halikujiwekea. Lakini mtu aliyezoea kupokea mgao kwa foleni anapomwekea mgeni chakula mezani, kuna heshima inarudi ndani yake, na heshima hiyo aliumbwa nayo.

Nsungwi nayo ina habari yake. Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei polisi walianza kuwakusanya watu mjini. Maduka yalifungwa, bidhaa nyingine zikaporwa, na watu walipitia gereza la Maula, watoto wakiwemo. Sihitaji kuwasimulia, waliokuwapo mmekaa humu. Ninalotaka kusema ni kwamba tukicheza mwisho wa mwaka, asije mtu akaichukua ngoma yetu kuwa ushahidi kwamba tumeridhika. Anayesherehekea hajasaini kitu. Sauti ile inayomshukuru Mungu kwa mtoto aliyezaliwa ndiyo sauti itakayodai mtoto yule asome na baba yake afanye kazi.

Wapo kati yetu wanaohubiri furaha kwa namna inayonitia huzuni. Mtu amefiwa na ndugu huko Kivu, hajamzika, hata picha ya kaburi hana. Jumapili anaambiwa anyanyue mikono, na akishindwa anaambiwa hana imani. Hilo ni jeuri. Wazee wetu walikuwa na hekima kubwa. Walikaa matanga kwanza, wakalala chini, wakaacha kunyoa, na baada ya muda uliopangwa, mara nyingi mwaka, wakaja kumaliza msiba kwa chakula na pombe na maneno ya kumrudisha mfiwa katikati ya watu. Sherehe ile ilimtoa mtu msibani kwa mkono, na tarehe yake haikuachiwa ajipangie mwenyewe, kwa kuwa aliye ndani ya msiba haoni mlango. Wengi wetu tulikimbia kabla ya kumaliza matanga. Tuna wafu ambao msiba wao haujafungwa tangu 1993, tangu 1996, tangu mwaka jana. Nadhani hii ndiyo sababu baadhi ya furaha zetu hapa zina kelele nyingi na hazishibishi: zinapanda juu ya msiba ambao haujamalizwa. Makanisa na misikiti ya Nsungwi yangefanya kazi ya thamani kuliko spika mpya kama yangepanga siku moja kila mwaka ya kumaliza matanga ya wale tuliowaacha bila kuwazika, kuwataja, kupika, kula pamoja, na baada ya hapo kucheza.

Kuna pia suala la fedha, na sitalikwepa. Harusi zetu zimeanza kuwaingiza vijana madenini. Sare ya kitenge, ukumbi, gari lililokodishwa, keki ya ghorofa. Mtu anachangishwa mara tatu kwa mwezi, naye zamu yake ya likirimba, ule mchango wa kupokezana, haijamfikia. Anaanza kukwepa simu za ndugu zake. Halafu siku ya sherehe hayupo, na tunasema ana roho mbaya. Sherehe iliyomfukuza maskini kwa gharama yake imevunja sharti la kwanza kabisa. Kwa kinywaji cha thobwa na mandazi na kwaya iliyojiandaa vizuri, harusi imekamilika. Akina mama wa Kimalawi wa mtaa huu wanaweza kutufundisha kuchachua thobwa nzuri, na kuwaomba watufundishe ni njia ya kuwakaribisha.

Kwa sikukuu inayokuja, basi, ninaomba kamati zenu zianze upande wa pili wa orodha. Kwa kawaida tunaandika kwanza mgeni rasmi, kisha meza kuu, kisha vyombo vya muziki. Safari hii andikeni kwanza nyumba ambazo hazitapika. Andikeni waliofiwa mwaka huu, na mtu atakayekaa nao. Andikeni majirani wa Kimalawi kwa majina yao, nyumba kwa nyumba. Tangazo la jumla halimkaribishi mtu. Andikeni walioko Dzaleka ambao kibali hakitawaruhusu kuja, na basi litakalotangulia asubuhi na sufuria zao, ili nao wale chakula kikiwa cha moto, saa ileile tutakayokula sisi. Vikishaandikwa hivyo vyote, kilichobaki katika mchango ndicho kitatuambia kama keki ipo.

Mama walioketi hapo mbele wameandaa sherehe nyingi kuliko nilizowahi kuhudhuria. Nimewaomba wanisahihishe, na sasa kipaza sauti ni chao.